Mwanafunzi wa Siasa na Vitabu Vyake

Wandugu mapadri, waseminari na wakatekista, mara nyingi tunapokutana twasikia neno moja: vijana wa universite hawasomi tena. Twalisema sisi sote, halafu twaendelea kunywa chai. Lakini tukiulizana ni nani kati yetu aliyekwenda kuwatazama wanapokaa na karatasi zao, twanyamaza. Basi twataka kueleza hapa mambo tuliyoyaona na kuyasikia katika mji wetu wa Bukavu juu ya mwanafunzi wa namna moja tu, yule anayejifunza siasa na utawala. Hatukumchagua kwa kuwa ni bora kuliko mwanafunzi wa uganga au wa kilimo. Tumemchagua kwa sababu kesho atakuwa mtu wa ofisi ya komini, mshauri wa gavana, msemaji wa chama, pengine mtu wa bunduki. Na yale aliyoyasoma akiwa na miaka ishirini yatatuangukia sisi pamoja na wakristu wetu.

Ukimwuliza mwanafunzi huyo, «Unasoma nini siku hizi?», hatakutajia kitabu. Atakutajia silabusi. Neno hili limekwisha kuwa la Kiswahili chetu, sawa vile kaye na kalamu. Silabusi ni kurasa themanini au mia moja zilizoandikwa na profesa, zikapigwa fotokopi katika vibanda vya karibu na universite. Mkubwa wa promosyo anashika orodha ya waliolipa na wasiolipa. Mwanafunzi akisha kuipata, anazigawa kurasa kwa hesabu ya siku zilizobaki mbele ya mtihani, anazikariri usiku, anamrudishia profesa maneno yake mwenyewe juu ya karatasi, kisha anaiuza silabusi kwa mdogo wake anayekuja nyuma. Ndani ya silabusi hiyo yamo majina makubwa: Aristoteli, Montesquieu, Duverger, Max Weber. Kila jina limepewa mistari mitano. Hivi mtu aweza kumaliza masomo yake yote akijua kwamba Montesquieu alitenganisha mamlaka tatu, wala hajakishika mkononi kitabu chake cha mwaka 1748, kile ambacho Roma yenyewe ilikiandika katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1751.

Tusikimbilie kumlaumu. Silabusi ni mtoto wa umaskini, tena ina historia. Lovanium ilipofunguliwa karibu na Leopoldville mwaka 1954, chini ya mkono wa Universite Katolika ya Louvain, wanafunzi walikuwa wachache na biblioteka ilikuwa ya kweli. Mwaka 1971 Serikali ya Mobutu ilizitwaa universite zote tatu ikazifanya moja, UNAZA, na masomo ya siasa yakapelekwa Lubumbashi. Hata zilipotenganishwa tena mwaka 1981, pesa za kununua vitabu hazikurudi. Universite Officielle yetu ya Bukavu ilianza katika miaka ya 1990 ikiwa tawi la Kisangani, katika wakati mbaya kabisa: wakimbizi wa 1994, vita vya 1996, vita vya 1998. Nani angejenga biblioteka wakati ule? Tena kuna maprofesa wageni waliozoea kuja kwa majuma machache, kumwaga masaa yote arobaini na matano ya somo moja kwa haraka, na kwenda zao. Profesa wa namna hiyo hawezi kumpa mwanafunzi kitabu cha kusoma na kungoja majibu yake. Anamwachia silabusi.

Hayo ni masomo ya lazima. Sasa anapenda kusoma nini, akiwa peke yake? Hapa ndipo tulipostaajabu, kwa maana anasoma kuliko tulivyodhani.

Kwanza kabisa anapenda maisha ya watu: Lumumba, Mandela, Sankara, Nkrumah. Anayasoma sawa vile sisi tulivyosoma maisha ya watakatifu katika seminari ndogo, kwa machozi na kwa kujifananisha. Lumumba aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 ndiye mfiadini wake wa kwanza. Hatuoni ubaya, ila twaona upungufu mmoja. Katika maisha ya watakatifu tulifundishwa kutazama pia makosa: Petro alikana, Agustino alipotea. Mwanafunzi wetu anataka shujaa asiye na kosa na adui asiye na wema hata kidogo. Akisoma hivi, anajua amlie nani, lakini hajui mambo yale yalitendekaje: ni nani aliyeshika pesa, ni nani aliyeshika jeshi, kwa nini wabunge walihama upande huu kwenda upande ule.

Tena anapenda vitabu vya siri na hila. Kile cha Robert Greene, Mmarekani, juu ya sheria 48 za kushika mamlaka, kilichotoka mwaka 1998, kinazunguka katika telefoni zao kuliko kitabu chochote cha profesa. Na nyuma yake anakuja mzee wake, Machiavelli.

Juu ya Machiavelli yafaa tukae kidogo, maana mapadri wengi wakisikia jina hilo wanafanya ishara ya msalaba. Ni kweli, vitabu vyake viliwekwa katika Index mwaka 1559, na wengi wetu tulipokea katazo lile kwa wazee wetu kama urithi, hata baada ya Index yenyewe kuondolewa nguvu ya sheria mwaka 1966. Lakini tuliona jambo la kuchekesha. Tuliwauliza wanafunzi sita waliokuwa wakimtaja Machiavelli kila siku kama wamesoma «Mfalme» (ndicho kitabu chenyewe). Mmoja tu alikuwa amekisoma. Wengine walikuwa na maneno kumi waliyoyapata katika picha za telefoni, na mawili kati ya yale hayamo kabisa katika kitabu. Na kitabu hicho ni kifupi! Kina sura ishirini na sita, mtu aweza kukimaliza kwa siku mbili za mvua.

Basi tulikisoma pamoja nao. Tuliwaeleza kwamba aliyekiandika alikuwa mtu aliyefukuzwa kazi mwaka 1512, akafungwa, akateswa kwa kamba mwaka uliofuata, kisha akakaa shambani akimwandikia mkubwa ambaye angeweza kumrudishia kazi. Mara moja kijana mmoja akasema, «Kumbe ni mtu anayetafuta kazi!» Naam. Katika mji wetu wenye vijana wengi wenye diploma na wasio na kazi, neno hilo lilifungua kitabu kuliko maelezo yetu yote. Tangu siku ile walianza kuuliza: mtu huyu anasema hivi kwa sababu ndiyo kweli, ama kwa sababu anataka kumpendeza Medici? Tulipowaambia kwamba mtu yule yule aliandika kitabu kingine kirefu zaidi, juu ya historia ya Roma ya kale, na humo anasifu mji unaotawaliwa na wananchi wake kwa sheria, walitaka kukiona. Sisi hatukuwa nacho. Tulikitafuta katika telefoni ya mmoja wao, na kilikuwamo, kimelala humo miezi minane bila kufunguliwa.

Hiyo ndiyo hali ya telefoni. Wazee wanasema telefoni imeua vitabu. Sisi twasema telefoni imeleta vitabu mingi kuliko biblioteka zote za Kivu zikiwekwa pamoja, lakini imeleta pia ginsi mpya ya kusoma. Mwanafunzi anatafuta neno, anaruka mpaka ukurasa ule, anakata mistari mitatu, anaibandika katika kazi yake, basi. Hajui mwandishi alikuwa akibishana na nani katika ukurasa uliotangulia. Tumewahi kuona kazi ya mwisho wa masomo ambamo Georges Burdeau alisifu mambo yale yale aliyoyakanusha: kijana alikuwa amekata mistari ambamo Burdeau anaeleza mawazo ya watu wengine. Zaidi ya hayo, umeme hukatika, na hesabu ya pesa za intaneti inamhimiza afanye haraka. Anasoma kama mtu anayechota maji ya mvua chini ya paa: anachukua yanayoanguka.

Kuna na woga. Mji huu umeona mabwana wengi wenye bunduki: waasi waliokuja mpaka mitaani mwezi wa nane 1964, askari wa kukodiwa wa Schramme mwaka 1967, jeshi la 1996, RCD tangu 1998, watu wa Nkunda na Mutebutsi mwaka 2004, na M23 mwezi wa pili 2025. Kila mara vijana walijifunza upesi ni karatasi gani isionekane na ni jina gani lisitajwe. Mwanafunzi wa siasa anayefuta vitabu katika telefoni yake mbele ya kupita njiani si mvivu wa kusoma. Tukumbuke hilo tunapomhukumu.

Lakini jambo lililotufikirisha kuliko yote ni lugha. Mwanafunzi wetu anasoma kwa Kifaransa, anabishana kwa Kiswahili, na nyumbani anamjibu mama yake kwa Mashi, kwa Kilega au kwa Kifuliiru. Yaliyosomwa yanabaki upande mmoja, maisha upande wa pili. Chukueni neno «leta». Sote tunalitumia. Limetoka katika neno la Kifaransa la kuitaja Serikali na dola, lakini kwetu leta ni yule mtu wa kodi, yule polisi wa barabarani, ile gari yenye namba za pekee. «Kazi ya leta», «nyumba ya leta», «mali ya leta»: yaani mali ambayo haina mwenyewe. Mwanafunzi anakariri kwa Kifaransa kwamba dola ni watu, nchi na mamlaka vikiungana, anapata pointi kumi na nne juu ya ishirini, anatoka nje, na leta inarudi kuwa polisi wa barabarani. Tulimwomba mmoja aieleze ile sura ya dola kwa Kiswahili mbele ya wamama wa shirika ya msingi. Alitoka jasho. Alikwama kwenye neno la pili. Kisha mama mmoja muuza samaki wa Kadutu akamwuliza, «Kama leta ni sisi, mbona tunailipa mara tatu kwa siku moja?» Kijana alikwenda kusoma tena, na safari hii hakuwa akisoma kwa mtihani.

Mwalimu Nyerere, mkristu mwenzetu, aliyesoma Makerere na Edinburgh, alijua faida ya kazi hiyo. Alipokuwa akiongoza nchi alikaa akatafsiri Shakespeare: tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, «Mabepari wa Venisi» mwaka 1969. Tamthilia ile ya kwanza yahusu nini kama si siasa? Mtu hatafsiri asichokielewa.

Twatoa mfano mwingine wa hapa hapa. Mwezi wa kumi 2024 Rais Tshisekedi alitangaza huko Kisangani kwamba anataka tume ya kutazama Katiba mpya, na nchi nzima ikapigana maneno juu ya sehemu ya 220. Vijana wetu walibishana katika sala ya parokia muda wa saa nzima. Wengine walipiga meza. Mwishoni tukauliza nani ameisoma. Hakuna. Tukatafuta Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, tukaisoma sehemu ile. Kuisoma hakukumaliza dakika mbili. Wote walijua kwamba inakataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya Rais. Hakuna aliyejua kwamba inalinda pia umbo la Jamhuri, kura ya watu wote, uhuru wa mahakimu, na uhuru wa kuwa na vyama mbalimbali vya siasa na vya wafanyakazi. Na kwamba inakataza kupunguza haki za watu na mamlaka za mikoa. Msichana mmoja, aliyekuwa hajasema neno, akauliza: «Mbona hatupigi meza juu ya mahakimu?» Dada yake alikuwa na kesi ya shamba tangu miaka minne. Mabishano ya juma lililofuata yalikuwa ya namna nyingine kabisa.

Je, sisi Kanisa tunampa nini cha kusoma? Tuna mali nyingi, na tumeifungia. Tangu Leone XIII mwaka 1891, mapapa wameandika juu ya kazi, mali, amani na utawala; «Pacem in terris» ya Yoane XXIII ya mwaka 1963 ingeweza kusomwa leo jioni katika mtaa wowote wa Bukavu. Wajezuiti wa Kinshasa wamekuwa wakichapisha gazeti lao, lile tunaloliita leo «Congo-Afrique», tangu 1961. Chuo cha ualimu cha ISP hapa Bukavu kilitoa Makaratasi ya CERUKI juu ya mambo ya Kivu. Padri Kagaragu Ntabaza alikusanya methali za Bashi, na ndani yake mmejaa maneno juu ya wafalme na watumwa wao, siasa tupu. Mwanafunzi wa siasa hajui kwamba hivyo ni vitabu vya somo lake, na sisi hatujamwambia.

Tukumbuke pia kwamba Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa mjini hapa tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa amesoma elimu ya jamii huko Louvain. Wanafunzi wa Lovanium walipoandikishwa jeshini kwa nguvu mwaka 1971, yeye padri aliomba aandikishwe pamoja nao. Vijana wanalijua jina lake kwa sababu ya kifo chake. Kwamba alikuwa mtu wa vitabu, hawajasikia.

Sasa twasema kosa letu, maana ndilo lililotufanya tuandike. Mapadri Weupe walikuwa na amri ya Kardinali Lavigerie: kila misioni iandike diari, siku kwa siku. Katika parokia mojawapo tulikokaa, diari hizo zilikuwa katika kabati ya ofisi. Mvua, ugonjwa, ugomvi wa machifu, kodi, njia iliyolimwa kwa nguvu, siku waasi walipopita: yote yameandikwa jioni ile ile na mtu aliyeyaona. Kijana mmoja aliyeandika kazi yake ya mwisho juu ya uasi wa 1964 alikuja kuomba kutazama mwaka ule. Tulimwambia ufunguo hauko. Ulikuwako. Tuliogopa ataiba kurasa, tena tulikuwa na haraka ya kwenda mazishini. Tukamwambia arudi baada ya Pasaka. Hakurudi, aliandika kazi yake kwa kunakili kazi ya mwingine, aliyekuwa amenakili ya mwingine, na akapewa pointi nzuri. Miezi saba baadaye tulifungua kabati. Mchwa walikuwa wamepanda kwa nyuma. Mwaka 1962 ulibaki, na nusu ya 1963. Kuanzia hapo tulishika udongo mkononi.

Kwa waseminari twataka kuongeza neno. Msidhani mambo haya ni ya walei. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya vitabu vya fasihi katika malezi, alisikitika kwamba katika malezi ya mapadri vitabu hivyo havina nafasi ya kutosha. Na ninyi pia mna silabusi zenu. Zaitwa notisi za dogmatika. Mseminari anayemjua Tomaso wa Akwino kwa mistari mitano atakutana siku moja na kijana wa siasa anayemjua Machiavelli kwa mistari mitano, na hapo watafundishana nini?

Twaeleza sasa ginsi tunavyofanya, si kwa kujisifu, kwa maana ni kitu kidogo. Jumamosi saa tisa chumba cha katekisimu kinafunguliwa. Kuna taa moja ya jua na meza mbili. Anayetaka kusoma kimya, anasoma kimya. Saa kumi na moja mmoja anaeleza kwa Kiswahili kurasa chache alizozisoma kwa Kifaransa, na wakatekista wanaruhusiwa kumkatiza. Twakataa kitu kimoja tu: kutaja mwandishi bila kusema ni katika kitabu gani na ukurasa gani. Mwanzoni walikuja watu watano. Wakati wa mitihani hawaji kabisa, wanarudi kwa silabusi zao, nasi hatuwalaumu. Diari zilizobaki zimo katika sanduku la chuma, na mtu anayezitaka anazisoma pale pale, mbele ya mlinzi mzee ambaye hajui Kifaransa lakini anahesabu kurasa kwa kidole.

Vitabu vya kuazima vinaandikwa katika kaye: jina, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Juzi tulilitazama kaye hilo. «Mfalme» wa Machiavelli yuko nje tangu wiki tisa, na aliyemchukua si mwanafunzi wa siasa. Ni mseminari aliyekuwa likizoni kwetu.